Vyungu Vyetu Vimeuzwa Wapi: Historia Fupi ya Masoko ya Wafinyanzi wa Huku Kwetu



Habari za hisa na mikopo ameziandika katibu, na mahesabu ameyaweka mweka hazina kwenye kurasa zake. Hapa tunataka kueleza jambo ambalo limetuletea mabishano mengi kwenye vikao kuliko hata riba. Nalo ni hili: mama akishafinyanga na kuchoma vyungu vyake, avipeleke wapi? Lyulilo Jumamosi? Kyela mjini? Nane Nane Mbeya? Au afunge safari mpaka Saba Saba, Dar es Salaam? Watu wa nje hudhani kazi ya mfinyanzi inaishia kwenye moto. Haiishii hapo. Chungu kinaweza kutoka motoni kizima, ukikigonga kinalia vizuri, halafu kikamletea mwenyewe hasara kwa sababu kilipelekwa mahali si pake.

Tuanze na bibi zetu. Ikombe, kama mnavyojua, mlima umeshuka mpaka majini. Ile Milima ya Livingstone haikutuachia mashamba mapana kama ya wenzetu wa bondeni. Wakisi walikuwa na samaki na udongo, basi. Wanyakyusa walikuwa na ndizi na nafaka, na Wakinga kule juu walikuwa wafua chuma, wakishusha majembe. Kwa hiyo biashara ilikuwepo kabla ya hela. Wanawake walipakia vyungu kwenye mtumbwi, wakafuata ufuko, wakashuka penye watu wenye chakula. Vyungu vya Kikisi vilifika mbali, hata upande wa Karonga ambako leo ni Malawi. Bibi zetu walituambia kwamba chungu kilibadilishwa kwa nafaka, na mwenye chungu kikubwa alirudi na mzigo mkubwa.

Angalieni jambo moja hapo. Bibi hakwenda sokoni kuona kama watu watapenda. Alijua nyumba anayoiendea, alijua mwaka huu wamevuna au hawakuvuna, na alijua chungu cha mwaka juzi kwa fulani kimeshapasuka. Kama mavuno ya kijiji fulani yalikuwa mabaya, mtumbwi ulipita moja kwa moja. Hiyo ndiyo elimu ya soko tuliyoachiwa, na haikuandikwa kwenye daftari lolote.

Baadaye ikaja hela, na kodi, na soko la siku maalumu. Soko la Lyulilo, hapa karibu na Matema, ndilo lililokuwa mama wa masoko yetu yote. Siku ya Jumamosi mitumbwi inatoka Ikombe imejaa vyungu, vimepangwa kimoja ndani ya kingine na nyasi katikati, na ufuko mzima unakuwa mwekundu. Kwa miaka mingi hakukuwa na njia nyingine ya kutoa mzigo Ikombe isipokuwa maji au kichwa. Ziwa likichafuka, hakuna soko. Mama alichoma vyungu Alhamisi, Ijumaa upepo ukaanza, Jumamosi akabaki anayatazama mawimbi na vyungu vimemzunguka. Ziwa Nyasa halina huruma, na wengi wetu tuna ndugu waliobaki humo.

Halafu ikaja reli. TAZARA ilipokabidhiwa mwaka 1976, na barabara kuu ya Zambia ikiwepo, Mbeya ikawa karibu na Dar es Salaam kuliko ilivyokuwa. Hapo ndipo wachuuzi walipoanza kutufuata Lyulilo kwa wingi. Walinunua ufukoni, wakapeleka Kyela, Tukuyu, Mbeya, na wengine mpaka pwani. Chungu cha Ikombe kikajulikana mjini, lakini aliyekifinyanga hakujulikana. Mpaka leo ukienda kwenye masoko ya Mbeya utavikuta vyungu vyetu, na muuzaji akiulizwa vinatoka wapi anajibu tu "Kyela".

Tusisahau miaka ya shida ya bidhaa, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sisi tulio na umri wa miaka hamsini na kitu tulikuwa watoto wa shule ya msingi. Sabuni hakuna, sukari kwa foleni, sufuria hazipatikani. Wakati wengine wanalia, mama zetu walikuwa na wateja. Watu waliokuwa wameanza kudharau chungu walirudi wenyewe. Serikali ilipofungua mlango wa bidhaa kutoka nje kuanzia mwaka 1984, sufuria zikarudi, na baada yake ndoo za plastiki. Ndoo ndiyo iliyoua mtungi wa maji. Hatuwezi kuilaumu, maana na sisi wenyewe tunachotea ndoo. Mtungi ni mzito, na mtoto wa kike akiuangusha njiani anapigwa. Ndoo ikianguka inaokotwa.

Basi mtungi ukapungua, chungu cha kupikia kikabaki, na kazi ikawa kutafuta mnunuzi mpya. Hapo ndipo yanapoingia maonyesho.

Saba Saba wazee wetu waliijua kama siku ya TANU, iliyoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, na baadaye ikawa ya maonyesho ya biashara kwenye viwanja vya Barabara ya Kilwa, vinavyoitwa sasa kwa jina la Mwalimu Nyerere. Nane Nane ikawa sikukuu ya wakulima, na kanda yetu ya Nyanda za Juu Kusini ikapata Uwanja wa John Mwakangale pale Mbeya. Pamoja na hayo yako maonyesho ya SIDO, ambalo ni shirika la viwanda vidogo tangu mwaka 1973, na yale ya Nguvu Kazi au Jua Kali yanayozunguka nchi za Afrika Mashariki, ambayo mwaka 2021 yalifanyika Mwanza. Kila moja lina barua yake ya mwaliko, na kila barua inasema "fursa".

Chama chetu kilipoanza hatukuwa na habari na barua hizo. Tulikuwa akina mama wa kuweka hisa na kukopeshana, wengine wafinyanzi, wengine wauza dagaa, wengine walima mpunga. Sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Lakini tulipofika mwaka wa tatu hivi, fedha zikiwa zimetuna kidogo, vijana wetu wakaanza kusema: kwa nini tunaendelea kuuza ufukoni kwa bei ya mchuuzi? Twende wenyewe mjini. Wazee wakajibu: mjini mna nani? Kikao kile kilianza saa nane mchana na tulitoka giza limeingia. Kulikuwa na maneno makali, na mama mmoja alisusa wiki mbili.

Kilichotusaidia ni kukaa chini na kupiga hesabu. Tunaiweka hapa kwa mfano tu, kwa ajili ya wale ambao hawajawahi kuiona kwa maandishi.

Tuseme mama ana vyungu 60. Ufukoni mchuuzi anampa shilingi 3,000 kwa kila kimoja. Anaondoka na 180,000 na jioni yuko nyumbani kwake anapika. Sasa tuseme anakwenda Mbeya kwenye Nane Nane, siku nane, pamoja na msaidizi mmoja, na bei kule ni 6,000. Akifikiria haraka haraka anaona 360,000. Lakini njiani vimepasuka 8. Katika 52 vilivyobaki ameuza 38, sawa na 228,000. Siku ya mwisho hataki kurudi na mzigo, hivyo 14 anavitoa kwa 3,000 kila kimoja, 42,000. Jumla 270,000. Toa matenga na nyasi za kufungia 12,000, toa kusafirisha mzigo 40,000, toa nauli za watu wawili kwenda na kurudi 48,000, toa chakula na malazi ya wawili kwa siku nane 96,000. Kimebaki nini? Shilingi 74,000. Na shamba halikupaliliwa.

Hesabu ile ilipoandikwa ubaoni kikao kilinyamaza. Wazee wakafurahi kidogo, tusifiche.

Lakini wazee nao walikuwa wanajua upande mmoja. Kwani ile 3,000 ya ufukoni ilikuwa bei ya nani? Mchuuzi anajua kabisa kwamba mama aliyevuka na mtumbwi asubuhi hawezi kurudi na vyungu vyake. Anajua mtoto anadaiwa ada, anajua nyumbani hakuna unga. Kwa hiyo anakaa kivulini mpaka saa saba mchana, anakunywa soda, halafu anakuja na bei yake. Ukikataa anakwambia, "Basi mama, tutaonana Jumamosi nyingine." Na bei inashuka mbele ya macho yako. Hatusemi wachuuzi wote ni wabaya. Wako waliotukopesha hela za matibabu bila riba, na bila wao vyungu vyetu visingefika popote. Lakini ufukoni mfinyanzi alikuwa anauza kwa shida, si kwa soko.

Hapo ndipo sanduku letu lilipofanya kazi ambayo hatukuitarajia. Mama mwenye hisa anaweza kukopa mpaka mara tatu ya hisa zake, kama katiba inavyosema. Akikopa kidogo siku ya Alhamisi kwa ajili ya ada, Jumamosi anakwenda Lyulilo bila njaa usoni. Bei ikiwa mbaya anaviacha vyungu kwa ndugu yake Matema mpaka wiki inayofuata. Chungu kilichochomwa hakiozi, si kama dagaa. Tulipoanza kufanya hivyo akina mama kadhaa kwa pamoja, wachuuzi wakaacha kusubiri saa saba. Wakaanza kuja saa tatu. Hatukufunga safari yoyote wala hatukulipia banda lolote, na soko lile lile la bibi zetu likawa na bei nzuri zaidi.

Je, maonyesho tuyaache? Hapana, na hapa ndipo tulipotofautiana na wazee. Maonyesho yanaleta kitu ambacho ufuko hauleti, nacho ni mtu anayetaka chungu kwa jina la aliyekifinyanga. Mwenye hoteli anataka vyungu vya kupakulia samaki, vyote ukubwa mmoja. Mama wa mjini anapikia gesi lakini maharage anayataka ya chungu. Mwingine anataka vya maua, na anakuchorea kwenye karatasi. Watu wa namna hiyo hawafiki Lyulilo. Unawapata kwenye banda, wanachukua namba ya simu, na baada ya mwezi wanatuma nusu ya malipo kwa simu, mzigo unapanda basi. Kwa hiyo tukakubaliana kwamba kwenda maonyesho ni kama kupanda mbegu. Mbegu hainunuliwi kwa hela ya chakula.

Kutokana na hayo tukaweka taratibu zetu. Wanakwenda watu wawili tu, na wanabeba vyungu vya akina mama wengi. Kila chungu kina alama ya mwenyewe chini, imekwaruzwa kabla hakijakauka. Gharama inagawanywa kwa idadi ya vyungu. Na kabla ya kusema ndiyo, tunauliza kama halmashauri ina banda ambalo wajasiriamali wanaweza kukaa, maana banda ndilo linalomeza fedha. Mwaka 2022 na 2023 Nane Nane ya kitaifa ilipofanyika Mbeya, watu walikuwa wengi ajabu. Hata hivyo tulijifunza kuwa wingi wa watu si wingi wa wanunuzi. Mtu aliyekuja kuona ng'ombe wa maziwa na miche ya parachichi, mwenye mtoto mgongoni na bado ana safari ya kurudi Chunya, habebi chungu. Anakishika, anakisifu, anasema "nitarudi". Harudi. Vinavyouzwa pale ni vidogo: vyetezo, vibakuli, vyungu vya mkononi. Chungu kikubwa kwenye Nane Nane ni cha kuvutia macho tu, na vitatu vinatosha.

Kuhusu Saba Saba tutasema wazi, ingawa baadhi ya vijana hawatapenda. Kwanza ni zaidi ya kilomita 800, na kila tuta la barabarani linachukua chungu chake. Pili, na hili watu wa ofisini hawalijui wanapotuandikia barua, tarehe yake haiendani na mvua zetu. Maonyesho yanaanza mwishoni mwa Juni. Ili ufike na mzigo wa kutosha lazima uwe umefinyanga Aprili na Mei, na Kyela mwezi wa Aprili ni maji juu na chini. Udongo haukauki, na chungu kisichokauka ukikiweka motoni kinapasuka kama bunduki. Nyasi na kuni zenyewe zimelowa. Nane Nane inaangukia Agosti, baada ya miezi miwili ya jua, ndiyo maana vyungu vya Agosti ni vizuri kuliko vya Juni. Kama siku moja tutakwenda Saba Saba, itabidi vyungu vifinyangwe Oktoba na Novemba ya mwaka uliotangulia, vitunzwe penye dari kavu, na wakati huo wote mfinyanzi awe anakula kitu. Hiyo ni mikopo ya miezi minane. Sanduku letu la mwanzo lisingeweza.

Yako pia masoko yasiyo na uwanja. Duka moja la vitu vya sanaa katika jiji moja, ambalo hatutalitaja, lilichukua vyungu vyetu kwa mali kauli. Makubaliano yalikuwa kulipwa kila mwezi. Mwezi wa kwanza walilipa, wa pili wakalipa nusu, kuanzia wa tatu simu ikawa haipokelewi. Akina mama wanne walipoteza kazi ya msimu mzima, na mfuko wa jamii uliwafuta machozi kwa kiasi kidogo tu. Tangu hapo mali kauli ni kwa mtu ambaye nyumba yake tunaijua. Hiyo ni sheria ya bibi zetu wa mtumbwi.

Na Matema penyewe pamebadilika katika miaka hii kumi. Barabara ya Kikusya, Ipinda mpaka Matema imepata lami, na gari linafika bila kumwaga vyungu. Wageni wa ufukoni wanaongezeka wakati wa sikukuu. Mwaka 2020 wa korona wale wa kutoka nje walipotea kabisa, na waliokuwa wanategemea wageni tu walilia, ila Lyulilo haikufungwa kichwani mwa mtu yeyote, maana wali na samaki vilipikwa kila siku. Mgeni ananunua kimoja, kwa bei nzuri, na anataka kiingie kwenye begi. Mama wa Tukuyu ananunua vitatu, bei ya kawaida, lakini mwakani atakuja tena. Sisi tunawataka wote wawili, ila tukiulizwa nani anatulisha, jibu tunalijua.

Mtauliza, je, binti zetu wanajifunza? Wachache. Binti anaona mama yake amekaa siku nne juu ya chungu kinachouzwa bei ya chupa mbili tatu za soda, anaamua kwenda Mbeya kufanya kazi ya ndani. Hatuwezi kumkataza kwa maneno. Wale waliobaki wengi ni wale ambao mama zao wamewahi kupata oda ya hoteli, wakaona hela imeingia kwenye simu kabla chungu hakijatoka nyumbani. Kwa hiyo swali la soko gani twende ni swali la kama miaka kumi ijayo kutakuwa na mtu Ikombe wa kuchimba udongo. Ndiyo maana tunabishana mpaka giza.

Kwa sasa hali ni hii. Lyulilo kila Jumamosi, ziwa likiruhusu. Kyela mjini wakati wa mavuno ya mpunga, watu wakiwa na hela. Nane Nane watu wawili, kila mwaka tukipata nafasi kwenye banda la halmashauri, na tusipopata hatuendi. Oda za simu zinaandikwa kwenye daftari la katibu, na nusu inalipwa kwanza. Saba Saba tumeipigia kura mara mbili na mara zote mbili imeanguka, ila mara ya pili kwa kura tatu tu. Vijana wameomba ipigwe tena kwenye mkutano mkuu baada ya sherehe hizi, na safari hii wamekuja na hesabu yao imeandikwa vizuri, pamoja na chumba kikavu ambacho mwanachama mmoja amejitolea kwa ajili ya kutunzia vyungu kuanzia Novemba. Hesabu hiyo imebandikwa ukutani, karibu na sanduku. Wanachama mnaombwa mpite kuisoma kabla ya siku ya kura.